Vinoo Mankad: Mrushaji Aliyeisoma Ardhi ya Kiwanja

Mashabiki wa kriketi nchini India, kabla ya kuuliza nani atacheza, huuliza kwanza habari za ardhi. Ukanda ule wa katikati ya uwanja, wenye urefu wa mita 20 na kidogo, ambao wachezaji huuita pichi, hujadiliwa kwenye vibanda vya chai, ndani ya treni na chini ya miti ya viwanja vya wazi. Je, umekauka? Umeachiwa majani? Nyufa zimeanza kuonekana? Mechi ya Testi huchezwa kwa siku nyingi, na katika siku hizo ardhi haibaki vilevile. Jua huipasua, viatu vya wachezaji huichimba, unyevu hupungua, na mpira ambao siku ya kwanza uliruka kwa utulivu huanza kugeuka ghafla na kumshangaza mpigaji. Kwa hiyo anayezungumzia urushaji wa mpira huzungumzia udongo pia, na katika mazungumzo ya namna hiyo jina la Vinoo Mankad halikawii kutajwa.

Jina lake kamili lilikuwa Mulvantrai Himmatlal Mankad. Vinoo lilikuwa jina la utani, nalo ndilo lililobaki. Alizaliwa tarehe 12 Aprili 1917 huko Jamnagar, mji ulio kwenye rasi ya Kathiawar, magharibi ya Gujarat, karibu na Ghuba ya Kutch. Ni pwani ileile ambayo majahazi yake yalisukumwa na pepo za kaskazi hadi Zanzibar na Mombasa, na hadi leo familia nyingi zenye asili ya Kihindi katika Afrika Mashariki hutaja Jamnagar na vijiji vilivyo jirani kuwa ndiko walikotoka wazee wao.

Jamnagar ilikuwa makao makuu ya dola ndogo ya Nawanagar, na mtawala wake, Ranjitsinhji, alikuwa amepata sifa duniani kwa kupiga kriketi akiichezea Uingereza. Mtawala huyo alifariki mwaka 1933, na kombe la mashindano ya majimbo ya India likapewa jina lake. Hivyo kijana Mankad alikulia mahali ambapo kriketi ilikuwa heshima ya ikulu. Yeye hakuwa mtoto wa mfalme. Alikuwa mtoto wa watu wa kawaida, mwenye kipaji, katika mchezo ambao wakati ule uliendeshwa na wana wa wafalme na kugharamiwa na hazina zao. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoeleza mengi yaliyomkuta baadaye.

Aliangukia mikono mizuri. Duleepsinhji, mpwa wa Ranjitsinhji ambaye naye aliichezea Uingereza, alimwelekeza katika upigaji. Bert Wensley, mchezaji wa kulipwa kutoka jimbo la Sussex nchini Uingereza, alifika Nawanagar kuwa mwalimu, na ndiye aliyeutengeneza urushaji wake. Katika msimu wa 1936-37 Nawanagar ilitwaa Kombe la Ranji, na katika fainali dhidi ya Bengal kijana huyo alipiga mikimbio 185. Msimu uliofuata timu ya Lord Tennyson kutoka Uingereza ilizuru India. Mankad, akiwa na umri wa miaka 20 tu, alizisumbua pande zote mbili za kazi ya wageni, akiwapigia mipira yao na kuwaangusha kwa mipira yake, hata Tennyson mwenyewe akaondoka akimhesabu miongoni mwa wachezaji bora ulimwenguni.

Ufundi wake ulikuwa hivi. Alipiga kwa mkono wa kulia, lakini alirusha mpira kwa mkono wa kushoto, polepole, akiuzungusha kwa vidole. Mpira wa namna hiyo hupaa juu kidogo, humvuta mpigaji atoke kwenye mstari wake, kisha ukigusa ardhi hugeuka na kwenda mbali na gongo la anayepiga kwa mkono wa kulia. Mpigaji akishazoea hayo, mrushaji humletea mpira mwingine unaofanana kabisa na ule wa kwanza kwa macho, ila haugeuki. Huenda moja kwa moja na kuvigonga vijiti. Mankad alizimiliki hila zote mbili, na juu ya hizo alikuwa na subira. Pichi ikiwa kavu na imechimbika, alihitaji tu kuutua mpira mahali palepale, tena na tena, aiachie ardhi imalizie kazi. Pichi ikiwa ngumu kama sakafu, alibadili urefu na mwendo, na kusubiri mpigaji achoke kabla yake. Mara nyingi aliyechoka kwanza alikuwa mpigaji.

Hata hivyo, miaka ambayo mwanamichezo huwa katika kilele cha nguvu zake ilimpita. India haikucheza mechi yoyote ya Testi kuanzia mwisho wa ziara ya 1936 hadi 1946, kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili. Mankad alipoingia uwanja wa Lord's mjini London, Juni 1946, kucheza Testi yake ya kwanza, alikuwa na miaka 29. Katika ziara hiyo alikusanya mikimbio zaidi ya 1,000 na wiketi zaidi ya 100, jambo ambalo wageni wachache mno wamewahi kulifanya nchini Uingereza, ambako mvua na jua hupokezana kiasi kwamba pichi ya asubuhi si ile ya jioni.

Mwaka uliofuata India, ikiwa imepata uhuru miezi michache tu kabla, ilikwenda Australia kwa mara ya kwanza. Wakati huo pichi hazikufunikwa mvua iliponyesha mechi ikiendelea. Ardhi iliyolowa ikaanza kukauka juani ilikuwa balaa kwa wapigaji: mpira mmoja ulibaki chini, mwingine uliruka hadi shingoni. Testi ya pili, Sydney, Desemba 1947, ilikuwa ya namna hiyo. Mvua ilikula sehemu kubwa ya siku zake. India ilipata mikimbio 188, na Australia ya Donald Bradman, timu iliyoogopwa kuliko zote duniani, ikaangushwa yote kwa 107.

Lakini si hesabu hizo zinazokumbukwa. Tarehe 13 Desemba, Mankad alipokuwa anakimbia kurusha mpira, Bill Brown, mpigaji aliyesimama upande wa mrushaji, alikuwa ametoka nje ya mstari wake kabla ya wakati ili apate hatua kadhaa za bure. Mankad hakuurusha mpira. Aliviangusha vijiti, na Brown akatolewa. Haikuwa mara ya kwanza. Katika mechi ya awali ya ziara hiyohiyo, uwanja uleule, alimwonya Brown kwa kosa hilo, na aliporudia akamtoa. Katika Testi hakuona haja ya kuonya tena. Kelele zilikuwa kubwa. Magazeti ya Australia yalijadili kama kitendo kile kilikuwa cha kiungwana, na kutolewa kwa namna hiyo kukapewa jina la Mankad, kama kwamba aliyekosea ni yeye na si aliyeiba hatua. Bradman, ambaye timu yake ndiyo iliyoumia, alimtetea katika kitabu chake cha kumbukumbu: kanuni inamtaka mpigaji abaki ndani ya mstari mpaka mpira utoke mkononi, na asiyeifuata anajipatia faida isiyo haki. Brown mwenyewe hakumwekea kinyongo. Jina lakini liliganda. Ni ajabu kwamba mtu aliyefanya makubwa kiasi kile atambulikane katika nchi nyingi kwa sekunde mbili za kutumia kanuni iliyoandikwa.

Ziara hiyo ilimpa pia mikimbio 116 na 111 katika Testi mbili zilizochezwa Melbourne, dhidi ya warushaji wa kasi ambao viwanja vya India havikuwa vimemzoesha.

Februari 1952 ilifika zamu ya Madras, mji unaoitwa sasa Chennai. India ilikuwa imeanza kucheza Testi mwaka 1932, na kwa miaka 20 haikuwa imeshinda hata moja. Mechi 24 zilikwisha kupita. Uingereza ilikuwa mbele katika mfululizo ule kwa ushindi mmoja iliyoupata Kanpur, kwenye pichi iliyosaidia mpira wa kuzunguka. Warushaji wa polepole wa Kiingereza, Tattersall na Hilton, waliitumia vizuri kuliko wenyeji. Lilikuwa jambo la kuudhi. Kushindwa na wageni kwa kasi mtu aliweza kulivumilia, lakini kushindwa kwa mpira wa polepole, kwenye udongo wa nyumbani, kuliwagusa mashabiki mahali penye kidonda.

Mechi ya Madras ilianza tarehe 6 Februari. Siku hiyohiyo ilikuja habari kwamba Mfalme George VI wa Uingereza amefariki, na siku iliyofuata ikafanywa ya mapumziko. Mchezo ulipoendelea, pichi ilikuwa bado haijapata muda wa kuchakaa, na Waingereza walikuwa na wapigaji wa kutosha kujenga jumla kubwa. Mankad aliwakatiza. Aliwaangusha wanane kwa mikimbio 55 tu. Wanne kati yao walitolewa kwa njia moja: mpira ulipaa, mpigaji akavutwa mbele, ukageuka ukalipita gongo, na mlinda wiketi Probir Sen akaviangusha vijiti kabla mpigaji hajarudi nyumbani kwake. Kwa anayejua mchezo huu, takwimu hiyo ya watu wanne hueleza zaidi kuliko ile ya wanane. Huonyesha kwamba mrushaji hakuwa akingoja msaada wa nyufa. Aliwadanganya wapigaji hewani, mpira ukiwa bado haujagusa ardhi.

Uingereza ilikoma kwenye 266. India ikajibu kwa 457, Pankaj Roy akipiga 111 na Polly Umrigar 130 bila kutolewa. Katika zamu ya pili pichi ilikuwa sasa imechoka kweli, na Mankad akagawana kazi na Ghulam Ahmed, kila mmoja akichukua wiketi nne. Waingereza walitoka wote kwa 183. India, chini ya nahodha Vijay Hazare, ilishinda kwa zamu nzima na mikimbio 8, yaani haikuhitaji hata kupiga mara ya pili. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa taifa katika mechi ya Testi, na Mankad alikuwa amechukua wiketi 12 kati ya 20.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo nafasi yake katika timu ilikuwa salama. Haikuwa hivyo. India ilikuwa inakwenda Uingereza katikati ya mwaka uleule, na klabu ya Haslingden ya huko Lancashire ilimtaka Mankad awe mchezaji wake wa kulipwa kwa msimu mzima. Mchezaji wa India wakati ule hakulipwa mshahara kwa kuiwakilisha nchi. Alipewa posho ndogo, na msimu ulipokwisha alirudi kutafuta riziki. Mankad alikuwa na familia ya kulisha. Aliwauliza viongozi wa kriketi wa India kama wangemhakikishia nafasi katika ziara, ili aikatae ofa ya Haslingden. Walikataa kumpa ahadi yoyote. Basi akatia saini na klabu.

Timu ilikwenda bila yeye, na mapema Juni, katika Testi ya kwanza huko Leeds, ikaanza zamu yake ya pili kwa kupoteza wiketi nne kabla ya kupata hata mkimbio mmoja. Ubao wa matokeo ulisomeka sifuri kwa nne. Hapo ndipo viongozi walewale walipowaomba Haslingden wamwachie mchezaji ambaye wao wenyewe hawakuwa wamemtaka. Klabu ikakubali baada ya mazungumzo.

Alifika Lord's akitoka kucheza kriketi ya mwisho wa wiki dhidi ya timu za miji ya viwanda. Alifungua upigaji na kupata 72, mikimbio mingi kuliko yeyote katika zamu ya India iliyoishia 235. Kisha Uingereza ikapiga. Pichi ilikuwa tulivu, nzuri kwa wapigaji, na Hutton aliitumia kupata 150 na Evans 104. Mankad alirusha ova 73. Ova moja ni mipira sita. Mtu apige hesabu mwenyewe, kisha aongeze umri wa miaka 35. Alichukua wiketi tano kwa mikimbio 196, na Uingereza ikafika 537. Bila kupumzika vya kutosha alivaa pedi, akafungua tena upigaji, na katika zamu ile iliyokuwa ya kujiokoa akapiga 184. Zilikuwa mikimbio mingi kuliko alizokuwa amewahi kupiga Mhindi yeyote katika Testi hadi siku hiyo. Hata India ilipokuwa imekwisha kushindwa na Uingereza ikihitaji mikimbio 77 tu, alirusha ova 24 nyingine, akiitoa kila mikimbio kwa shida.

India ilishindwa kwa wiketi nane. Lakini waliokuwa uwanjani walijua walichokiona, na jina lake limeandikwa Lord's katika mbao zote mbili za heshima, ule wa wapigaji na ule wa warushaji, jambo walilolifanikisha wageni wachache mno. Mechi iliyofuata, Manchester, pichi ililowa na India ikatolewa mara mbili katika siku moja, kwa 58 na 82. Mtu mmoja hawezi kuzuia kila mvua.

Oktoba mwaka huo Pakistan ilicheza Testi yake ya kwanza kabisa, mjini Delhi. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu mgawanyiko, na wachezaji kadhaa wa pande mbili walikuwa wamecheza pamoja kabla ya mipaka kuwekwa. Mankad alichukua wiketi 8 kwa mikimbio 52, kisha 5 kwa 79, na India ikashinda kwa zamu na mikimbio 70. Wiki iliyofuata timu zilihamia Lucknow, ambako hapakuwa na pichi ya udongo na majani. Palitandikwa mkeka wa nyuzi za juti. Mkeka huuuma mpira na kuurusha juu kwa namna yake, na aliyeuelewa kuliko wote alikuwa Fazal Mahmood wa Pakistan. Alichukua wiketi 12, na wageni wakashinda. Mankad hakucheza Lucknow. Mashabiki waligawanyika wakati ule: wengine walisema India imeshindwa na mkeka, wengine kwamba imeshindwa kwa kumkosa Mankad. Wote walikuwa na hoja. Aliporejea kwa mechi ya tatu, Bombay, alichukua wiketi nane na India ikashinda kwa wiketi 10. Ilikuwa Testi yake ya 23, na ndani yake alitimiza jumla ya mikimbio 1,000 na wiketi 100. Hakuna aliyekuwa amefika hapo kwa mechi chache kiasi hicho, na rekodi hiyo ilidumu zaidi ya robo karne hadi ilipovunjwa na Ian Botham wa Uingereza.

Aliongoza India kama nahodha katika ziara ya Pakistan ya 1954-55. Mechi zote tano zilikwisha kwa sare, kila upande ukiogopa zaidi kushindwa kuliko ulivyotamani kushinda. Haukuwa msimu wa kusimulia. Msimu uliofuata, dhidi ya New Zealand, alipiga 223 Bombay, na Januari 1956, mjini Madras, alipiga 231 akishirikiana na Pankaj Roy, aliyepata 173. Wawili hao walifungua zamu na hawakutenganishwa hadi mikimbio 413. Idadi hiyo ilisimama kama rekodi ya dunia ya wapigaji wa kufungua kwa miaka 52, mpaka Neil McKenzie na Graeme Smith wa Afrika Kusini walipofika 415 mwaka 2008.

Testi yake ya mwisho ilichezwa Delhi, Februari 1959, dhidi ya West Indies, mwishoni mwa mfululizo ambao India ilibadili manahodha wanne, yeye akiwa mmoja wao. Alikuwa karibu na miaka 42. Katika mechi 44 alikusanya wiketi 162 na mikimbio 2,109, na alikuwa amepiga katika kila nafasi, kuanzia ya kwanza hadi ya 11, kwa sababu timu ilimpeleka popote ilipokuwa na pengo.

Baada ya hapo alifundisha vijana. Mwanawe Ashok aliichezea India katika Testi 22. Serikali ilimtunuku nishani ya Padma Bhushan mwaka 1973. Alifariki Bombay tarehe 21 Agosti 1978, akiwa na umri wa miaka 61, na barabara moja karibu na Uwanja wa Wankhede ina jina lake. Mashindano ya vijana wa chini ya miaka 19 nchini India nayo huitwa kwa jina hilo.

Kuhusu Sydney, familia yake na wachezaji wengi wa India, akiwemo Sunil Gavaskar, wamepinga kwa miaka mingi jina lake kutumiwa kana kwamba ni jina la hila. Mwaka 2021 Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimwingiza katika orodha ya magwiji wake. Mwaka 2022 waandishi wa kanuni za mchezo huko London walikihamisha kitendo kile kutoka sura ya mchezo usio wa haki na kukiweka katika sura ya kawaida ya mpigaji kutolewa kwa kukimbia.